Béla Bartók: Mtunzi Aliyekwenda Vijijini Kujifunza Nyimbo za Kwao

 

Safari hii, katika safu yetu ya maisha ya watu mashuhuri, tunakwenda Hungaria, nchi isiyo na bahari iliyo katikati ya Ulaya. Mtu wetu ni Béla Bartók, mtunzi wa muziki aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki mwaka 1945. Kama unajifunza piano, huenda umekwisha kuliona jina lake kwenye kitabu chako cha mazoezi. Wahungari hutaja jina la ukoo kwanza, kwa hiyo kwao anaitwa Bartók Béla.

Tumemchagua kwa sababu moja. Alikulia katika nyumba yenye lugha mbili, kama wengi wenu. Alipokuwa kijana alitaka sana kuwa Mhungari kamili, akadhani anajua maana yake. Baadaye akagundua kwamba nyimbo za kwao hasa hajawahi kuzisikia. Alifanya nini? Alikwenda kuzitafuta, na kazi hiyo ikamchukua maisha yake yote.

Mtoto wa walimu

Bartók alizaliwa tarehe 25 Machi 1881 katika mji mdogo wa Nagyszentmiklós. Wakati huo mji huo ulikuwa Hungaria, na Hungaria yenyewe ilikuwa chini ya mfalme aliyekaa Vienna, Austria. Leo mji huohuo uko Romania. Kumbuka jambo hili, kwa maana litarudi mbele.

Baba yake alikuwa mkuu wa shule ya kilimo, na alipenda muziki sana. Mama yake, Paula, alikuwa mwalimu na mpiga piano. Béla alikuwa mtoto wa kuuguauugua. Baada ya kuchanjwa ndui alipatwa na ugonjwa wa ngozi uliomsumbua mpaka alipofika miaka mitano, akawa hachezi na wenzake. Alikaa ndani, akimsikiliza mama yake akiimba na kupiga piano. Alipofika miaka minne aliweza kupiga nyimbo zipatazo 40 kwa kidole kimoja. Siku aliyotimiza miaka mitano, mama yake alimpa somo lake la kwanza la piano.

Mwaka 1888 baba yake alifariki. Béla alikuwa na miaka saba, na mdogo wake wa kike, Elza, alikuwa mtoto mdogo bado. Mama akawa ndiye baba na ndiye mama. Alifundisha shule, akafundisha na piano, na akawahamisha watoto wake mji hadi mji kufuata kazi. Ukitafuta miji hiyo katika ramani ya leo, mmoja utaukuta Ukraini, mingine Romania, na mwingine Slovakia. Mwaka 1892, akiwa na miaka 11, Béla alipiga piano mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa vipande alivyopiga kulikuwa na kimoja alichokitunga mwenyewe, kuhusu safari ya mto Danube.

Mwaka 1899 alimaliza shule. Chuo cha muziki cha Vienna kilimkubali na kikawa tayari kumsaidia kwa fedha. Vienna ndiko walikokwenda wakubwa wengi wa muziki. Lakini rafiki yake Ernő Dohnányi, aliyemtangulia kidogo kwa umri, alikuwa amechagua kusoma Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Béla akamfuata.

Lugha ya nyumbani

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa kuna jambo linalotuhusu sisi.

Mama yake Bartók alitoka katika ukoo wa watu waliosema Kijerumani. Nyumbani kwao Kijerumani kilisemwa pamoja na Kihungari, na katika miji waliyoishi Kijerumani kilihesabiwa kuwa lugha ya watu wa mjini, waliosoma. Kijana Béla alipofika Budapest alikuta vijana wenzake wamewaka moto wa kuipenda nchi yao. Walichoka kutawaliwa kutoka Vienna. Walitaka shule, jeshi na serikali visikike kwa Kihungari.

Béla naye akawaka. Mwaka 1903 alimwandikia mama yake barua akimsihi kwamba yeye na Elza waseme Kihungari nyumbani, wala wasirudi kwenye Kijerumani. Alivaa koti la mtindo wa Kihungari hata jukwaani. Mwaka huohuo alitunga muziki wa okestra kuhusu Lajos Kossuth, kiongozi wa Wahungari waliopigania uhuru wao mwaka 1848 na 1849. Ndani yake aliuchukua wimbo wa taifa wa Austria, akaupinda na kuuchekesha ili kuonyesha jeshi la adui likishindwa. Muziki huo ulipofanyiwa mazoezi Budapest mwanzoni mwa 1904, baadhi ya wanamuziki wa Austria waliokuwamo kwenye okestra walikasirika wakakataa kuupiga. Wasikilizaji wa Kihungari walishangilia. Bartók alikuwa na miaka 22, na jina lake likawa gazetini.

Wazazi wengi watamwelewa kijana huyu, ingawa kwetu mambo yamegeuka: kwao mtoto ndiye aliyemhimiza mama kusema lugha ya nchi, na kwetu mara nyingi mama ndiye anayemhimiza mtoto. Lakini Bartók alikuwa na tatizo ambalo hakuliona bado. Alikuwa na lugha, koti na hasira. Je, muziki wa Kihungari alikuwa nao?

Alidhani anao. Mjini Budapest kulikuwa na nyimbo zilizopendwa sana, zilizopigwa kwenye mikahawa na bendi za Waroma kwa fidla, kwa ufundi mkubwa. Watu wote, hata watunzi mashuhuri kama Franz Liszt na Johannes Brahms, waliziona hizo kuwa ndiyo sauti ya Hungaria. Kumbe nyingi zilikuwa zimetungwa na watu wa mjini miaka michache tu nyuma. Zilikuwa nzuri, lakini mkulima wa kijijini alikuwa na nyimbo nyingine kabisa, za zamani zaidi, na waliokuwa wakimuuliza ni wachache sana.

Sauti nyuma ya ukuta

Katika kiangazi cha 1904 Bartók alikwenda kukaa mahali pa shamba paitwapo Gerlice ili apate utulivu wa kutunga na kufanya mazoezi. Katika nyumba hiyo alikuwamo msichana mtumishi, jina lake Lidi Dósa, ambaye alitoka Transylvania, upande wa mashariki. Kazi yake ilikuwa kulea mtoto. Siku moja Bartók alimsikia akiimba chumba cha pili wimbo kuhusu tufaha jekundu lililoanguka matopeni.

Akaacha kazi yake. Wimbo ule haukufanana na zile za mikahawani. Ulikuwa mfupi, haukuwa na mapambo, na ulipanda na kushuka kwa njia ambayo hakuitarajia. Alimwomba Lidi auimbe tena, akauandika kwa noti. Kisha akamuuliza kama anajua nyingine. Lidi alizijua, alizozisikia kwa bibi yake.

Fikiria jambo hilo. Huyu alikuwa kijana aliyesoma chuo kikuu cha muziki cha nchi, aliyevaa koti la taifa na kutunga muziki wa shujaa wa taifa. Aliyemfungulia mlango alikuwa yaya, na yaya alifundishwa na bibi yake. Mwishoni mwa mwaka huo Bartók alimweleza dada yake kwa barua kwamba ana mpango mpya: kukusanya nyimbo nzuri zaidi za watu wa Hungaria na kuziandikia muziki.

Suiti ya mwaka 1905

Lakini kuona mlango si kuingia ndani. Kabla ya kwenda vijijini, Bartók alitunga kazi moja kubwa inayotuonyesha vizuri alikokuwa amefika. Inaitwa Suiti ya Kwanza, na aliitunga mwaka 1905.

Suiti ni nini? Ni muziki wenye sehemu kadhaa zinazofuatana, kila moja ikiwa na mwendo na hali yake, kama sinia yenye vyakula mbalimbali vya karamu moja. Suiti hii ina sehemu tano na huchukua zaidi ya nusu saa. Ya kwanza ni ya haraka na yenye furaha. Ya pili ni ya polepole. Ya tatu inakimbia. Ya nne inakwenda mwendo wa wastani, na ya tano inakwenda mbio mpaka mwisho. Sehemu hizo zimeshonwa pamoja, maana sauti uliyoisikia mwanzoni huirudia baadaye ikiwa imevaa nguo nyingine. Inapigwa na okestra kubwa: fidla nyingi, filimbi, tarumbeta, ngoma.

Ukiisikiliza utasikia vitu viwili kwa pamoja. Kwanza utasikia mtindo mkubwa wa Ulaya wa wakati ule, muziki uliojaa, unaopanda kama mawimbi. Bartók alikuwa amevutiwa mno na Richard Strauss, mtunzi Mjerumani, baada ya kusikia kazi yake Budapest mwaka 1902. Pili utasikia midundo na mikato ya Kihungari, ile ya mjini aliyoizoea. Ni kazi ya kijana mwenye nguvu, anayesema kwa sauti kubwa kwamba yeye ni Mhungari. Na kwa maajabu ya dunia, ilisikika kwanza Vienna, mji uleule wa wale aliowakasirikia, mwezi Novemba 1905, tena si sehemu zote. Budapest waliisikia nzima mwaka 1909.

Waliisifu, na bado inastahili kusikilizwa. Lakini Bartók hakutunga tena hivyo. Mwaka huohuo wa 1905 alikuwa amekwenda Paris kushindana. Katika piano alishindwa na Mjerumani Wilhelm Backhaus, na katika utunzi hakupata tuzo aliyoitumainia. Alirudi na uchungu. Mwaka huohuo, huko Budapest, alikutana na mtu aliyebadilisha njia yake.

Sanduku, nta na akina bibi

Mtu huyo ni Zoltán Kodály, mtunzi kijana ambaye tayari alikuwa amekwisha kuanza kukusanya nyimbo za vijijini. Kodály alimwonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Wakawa marafiki wa kudumu. Mwaka 1906 walichapisha pamoja kitabu kidogo chenye nyimbo 20 za wakulima, kila mmoja akiandika muziki wa piano kwa nyimbo 10.

Chombo chao kilikuwa fonografu ya Edison. Ilikuwa sanduku lenye pembe pana kama ya tarumbeta. Mwimbaji aliimba ndani ya pembe hiyo, na sindano ikachora sauti yake juu ya silinda ndogo ya nta. Kila silinda ilichukua dakika chache tu, na nta ikipata joto iliharibika. Bartók alibeba sanduku hili na shehena ya silinda kwa treni, kwa gari la farasi, na kwa miguu.

Waimbaji wazuri zaidi walikuwa akina mama na bibi wazee, na wengi waliona haya. Mgeni wa mjini mwenye tai anataka nini kwetu? Bartók aliomba wimbo wa zamani, wao wakampa wa kanisani. Aliomba tena, wakampa uliotoka mjini juzi, wakidhani ndio atakaoupenda bwana mkubwa. Aliwabembeleza, akasubiri, akarudi kesho yake. Na mara ghafla mzee mmoja alikumbuka kitu alichoimbiwa na mamake, na hapo silinda ikaanza kuzunguka.

Mwaka 1907 Bartók alipata kazi ya kufundisha piano katika chuo alichosoma, na kiangazi hicho akakusanya nyimbo Transylvania. Huko aligundua kwamba nyimbo za zamani kabisa hutumia sauti tano tu. Ukitaka kujua zinavyosikika, jaribu kupiga vitufe vyeusi peke yake kwenye piano. Ilikuwa dalili kwamba nyimbo hizo zilikuja na mababu wa Wahungari kutoka mbali, upande wa mashariki, zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Chini ya muziki wa mjini kulikuwa na muziki mwingine, na waliouhifadhi ni watu ambao wengi wao hawakujua kusoma.

Nyimbo za majirani

Wengi wangeishia hapo. Wangesema tumepata chetu, inatosha. Bartók hakuishia hapo, na hili ndilo linalomfanya awe mkubwa machoni pangu.

Mkulima wa Kihungari alikuwa na jirani Mslovakia upande mmoja na jirani Mromania upande mwingine. Bartók aliwasikiliza na hao. Alijifunza lugha zao ili aelewe maneno wanayoimba. Baada ya miaka michache alikuwa amekusanya maelfu ya nyimbo za Kislovakia na za Kiromania, na hizo za Kiromania zilizidi hata za Kihungari. Mwaka 1913 alivuka bahari hadi Biskra, nchini Aljeria, akarekodi muziki wa Waarabu wa ukingo wa jangwa. Mwaka 1936 alikwenda kusini mwa Uturuki. Huko mzee mmoja alimwimbia wimbo, na Bartók akastaajabu, kwa kuwa ulikaribiana sana na wimbo wa Kihungari anaoujua.

Alipokuwa mtoto wa miaka 22 alitumia muziki kumcheka jirani. Alipowasikiliza majirani kwa miaka mingi, alijua kwamba nyimbo hazikai ndani ya mipaka. Mhungari aliazima kwa Mslovakia, Mromania akaazima kwa Mhungari, na kila aliyeazima alirudisha kitu kipya. Sisi watu wa pwani tunalijua hilo. Tazama taarabu: ina fidla na ganuni, ina ushairi wa Kiswahili, na hakuna anayeweza kusema si yetu.

Uelewa huo ulimletea taabu. Vita vya Kwanza vya Dunia viliisha mwaka 1918, na kwa mkataba wa mwaka 1920 Hungaria ilipoteza karibu theluthi mbili ya ardhi yake. Mji aliozaliwa ukawa Romania. Mji alikosoma shule ukawa Chekoslovakia. Watu wa Hungaria walikuwa na machungu makubwa. Na huyu Bartók anaandika makala juu ya muziki wa Waromania! Gazetini walimshambulia wakisema haipendi nchi yake. Yeye alijibu kwamba kazi yake ni ya elimu, akaendelea nayo. Aliyevaa koti la taifa sasa aliitwa msaliti, na mapenzi yake kwa Hungaria hayakuwa yamepungua hata kidogo.

Zawadi kwa watoto

Bartók alikuwa mtu mkimya, mwembamba, mwenye macho makali. Watu wazima wengi waliuona muziki wake mgumu, lakini hakuwasahau watoto. Mwaka 1908 na 1909 alitunga vipande vingi vya piano kutoka nyimbo za Kihungari na za Kislovakia, akaviita Kwa Watoto. Aliamini kwamba mtoto anayeanza piano anastahili muziki wa kweli, si mazoezi makavu tu.

Yeye mwenyewe alikuwa na watoto wawili wa kiume. Wa kwanza aliitwa Béla kama yeye, na wa pili, Péter, alizaliwa mwaka 1924 kwa mke wake wa pili, Ditta, aliyekuwa mpiga piano. Péter alipoanza kujifunza, baba yake alikuwa akitunga mfululizo wa vipande 153, vilivyogawanywa katika vitabu sita, uitwao Mikrokosmos. Kipande cha kwanza anaweza kukipiga mtoto wa wiki ya kwanza. Cha mwisho kinawatoa jasho wakubwa. Vitabu viwili vya mwanzo alimtunukia Péter.

Uhamishoni

Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka Ujerumani. Bartók hakukubali tena kupiga piano huko. Manazi walipoiteka Austria mwaka 1938, alipelekewa kutoka Vienna fomu ya kumuuliza kama asili ya damu yake inakubalika kwa Manazi. Bartók hakuwa Myahudi, na angeweza kujaza fomu na kukaa salama. Alikataa kuijaza, na Kodály akakataa pia. Akawahama wachapishaji wake wa Vienna, akachapisha Uingereza.

Aliona kwamba Hungaria nayo inavutwa kwa Hitler, na alitaka kuondoka. Kilichomzuia ni mama yake, ambaye alikuwa mzee. Mama Paula alifariki Desemba 1939. Oktoba 1940 Bartók na Ditta walifanya tamasha la kuaga Budapest, wakasafiri kwa njia ndefu ya kusini hadi Lisbon, na kutoka huko kwa meli hadi New York. Kabla ya kuondoka aliandika wasia. Aliagiza kwamba maadamu katika Hungaria kuna mtaa au uwanja wenye jina la Hitler au Mussolini, basi pasiwe na mtaa wowote utakaopewa jina lake.

Wengi wenu mnajua nyumbani kwenu stori za kufika nchi ngeni. Bartók alikuwa na miaka 59. Kelele za jiji zilimchosha, na redio za majirani zilimnyima usingizi. Matamasha yalikuwa machache. Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa kazi ya muda: kuandika kwa noti nyimbo za wanakijiji wa Yugoslavia zilizokuwa zimerekodiwa kwenye santuri. Kwa hiyo mkimbizi huyu alikaa chumbani New York, siku baada ya siku, akisikiliza sauti za vijijini kutoka upande wa kwao.

Halafu akaugua. Ilikuwa saratani ya damu. Chama cha watunzi wa muziki cha Marekani kililipa gharama za matibabu. Mwaka 1943, akiwa dhaifu kitandani hospitalini, alitembelewa na Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, aliyemwomba atunge kazi mpya. Wakati huo Bartók alikuwa hajatunga kazi mpya yoyote tangu afike Marekani. Katika miezi michache alimaliza Konsato ya Okestra, ambayo ilipigwa Boston Desemba 1944 na kushangiliwa sana. Ni miongoni mwa kazi zake zinazopigwa zaidi leo.

Nayo ina sehemu tano, kama ile suiti ya ujana wake. Ukipata nafasi, sikiliza zote mbili. Katika ile ya 1905 Uhungari umevaliwa juu, kama koti. Katika hii ya 1943 huuoni tena kwa urahisi, maana umeingia mwilini: nyimbo za vijijini, za Wahungari na za majirani, zimekuwa namna yake ya kufikiri. Kati ya kazi hizo mbili kuna miaka karibu 40 ya kusikiliza.

Kurudi

Bartók alifariki New York tarehe 26 Septemba 1945. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini hakuwahi kurudi kwao. Alikuwa akimtungia mkewe konsato ya piano, na vilibaki vipimo 17 vya mwisho ambavyo rafiki yake Tibor Serly alivikamilishia okestra. Waliohudhuria mazishi walikuwa wachache sana. Mwaka 1988 wanawe wawili waliyarudisha mabaki yake. Yalivuka bahari kwa meli hadi Uingereza, yakapita Ulaya kwa barabara, na tarehe 7 Julai yakazikwa Budapest. Mitaa yenye jina la Hitler ilikuwa imekwisha zamani.

Silinda nyingi za nta zipo bado. Ukizisikiliza unasikia mikwaruzo, na nyuma ya mikwaruzo sauti ya bibi aliyekufa kabla babu zako hawajazaliwa. Vijiji vingi alimopita havikuimba tena nyimbo hizo baada ya kizazi kimoja. Kama angechelewa miaka 30, zingekuwa zimekwisha, na hakuna ambaye angejua kwamba kuna kitu kimepotea.

Ndiyo maana tunawaambia: lugha ya nyumbani haiji yenyewe kwa kuzaliwa tu. Hata Bartók, ambaye alizaliwa na kukulia hukohuko, ilimbidi aende akaulize. Wewe una simu mfukoni ambayo inarekodi saa nzima bila nta kuyeyuka. Bibi yako huenda yuko Mombasa, Unguja, Bukavu au Maskati. Anajua wimbo aliobembelezewa yeye alipokuwa mchanga. Mpigie. Kwanza atasema hajui wimbo wowote, au atakuimbia wa redioni. Usikate tamaa. Mwombe tena.

Maneno ya kujifunza

Mtunzi: mtu anayebuni muziki, shairi au hadithi.
Ndui: ugonjwa wa zamani ulioleta vipele mwili mzima.
Nta: kitu laini kitokacho kwenye masega ya nyuki, hutumiwa pia kutengenezea mishumaa.
Kubembeleza: kumtuliza mtoto alale, au kumwomba mtu kwa upole.
Wasia: maagizo mtu anayoyaacha yafuatwe baada ya kufa kwake.
Uhamishoni: kuishi mbali na nchi yako kwa sababu huwezi kubaki.

Mzungumze nyumbani

1. Kwa nini waimbaji wa vijijini walianza kwa kumpa Bartók nyimbo za mjini? Je, wewe umewahi kuona haya kusema Kiswahili mbele ya wageni?
2. Bartók alipoandika juu ya nyimbo za Waromania aliitwa msaliti. Nyinyi mnaonaje: mtu akipenda vya jirani, anapunguza mapenzi kwa vya kwao?
3. Katika koo zenu, nani anajua nyimbo nyingi za zamani kuliko wote?

Kazi ya wiki mbili zijazo

Rekodi wimbo mmoja kutoka kwa bibi, babu, shangazi au mzee yeyote wa nyumbani. Andika maneno yake kwa Kiswahili, hata yale usiyoyaelewa, kisha muulize maana yake. Andika pia jina la aliyeuimba, mahali alikojifunza, na nani alimfundisha. Uje nao Jumamosi, tuusikilize pamoja darasani.